Thamani ya Mpakani Inaingia Kikundi Gani?

Chukua namba nne: 1, 2, 2, 3. Zigawe katika vikundi viwili, mipaka ikiwa 1, 2 na 3. Funksheni ya histogramu ya NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, itaweka namba moja katika kikundi cha kwanza na tatu katika cha pili. Amri ya hist ya lugha ya R, kwa namba zilezile na mipaka ileile, itaweka tatu kisha moja. Umbo limegeuka, na hakuna programu iliyokosea.

Kwa NumPy, kila kikundi kinaanza na mpaka wake wa kushoto na kuuacha ule wa kulia, isipokuwa kikundi cha mwisho, ambacho huchukua yote miwili. Ndiyo maana zile 2 mbili zimeangukia kikundi cha pili. R, usipoiagiza vingine, huuchukua mpaka wa kulia, nazo 2 zikabaki katika kikundi cha kwanza. Kwa vipimo vyenye desimali nyingi tofauti hii kwa kawaida haionekani. Lakini alama za mtihani, umri wa watu kwa miaka au idadi ya watoto katika kaya ni namba kamili, na namba kamili hupenda kukaa mpakani.

Mtu anayechora mwenyewe huenda akaligundua jambo hili, kwa kuwa picha anaiona na data anaifahamu. Wakala wa akili mnemba mara nyingi hupokea namba tupu na kuendelea na ripoti. Chini ya Model Context Protocol, itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, zana humfikia ikiwa na jina, maelezo na muundo wa vigezo inavyopokea. Msimbo wa ndani hauoni. Lisiloandikwa atalijaza kwa mazoea ya mafunzo yake, ambamo NumPy na R zimechanganyika. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba zana yenye maelezo "huchora histogramu kutokana na orodha ya namba" ni zana isiyokamilika, hata hesabu yake ikiwa safi.

Nyaraka za NumPy zinafaa kuigwa katika jambo hili. Baada ya kueleza kanuni ya mipaka, zinatoa mfano wa mipaka 1, 2, 3, 4 na kutaja kikundi kimoja kimoja: cha kwanza kina 1 lakini hakina 2, cha mwisho kina 3 na 4 pia. Msomaji hana pa kukisia. Kwenye kigezo cha density, kinachorudisha msongamano badala ya hesabu, zinaonya waziwazi kuwa jumla ya thamani zitakazorudishwa haitakuwa 1 isipokuwa upana wa kila kikundi uwe 1. Onyo hilo linazuia kosa ambalo wanafunzi wa takwimu wamelifanya miaka nenda miaka rudi, yaani kuusoma urefu wa nguzo kana kwamba ndio uwezekano.

Idadi ya vikundi nayo inahitaji maneno yake. NumPy hutumia 10 usipotaja kitu. R hufuata kanuni ya Sturges ya mwaka 1926, inayotoa vikundi 11 hivi kwa thamani 1,000, na hata ukiitajia idadi huichukua kama pendekezo tu ili mipaka iangukie namba zilizo rahisi kusoma. Nyaraka za R zinalisema hilo. Ukijenga zana juu ya R bila kulirudia, wakala ataomba vikundi 12, apewe idadi nyingine, na aandike 12 katika ripoti.

Panaponitia wasiwasi zaidi ni kigezo cha range, yaani mwanzo na mwisho wa thamani zitakazohesabiwa. Nyaraka za NumPy zinasema kwamba thamani zilizo nje yake hupuuzwa, basi. Ni kweli, lakini matokeo hayaonyeshi ni ngapi zimepuuzwa. Kuna pia thamani tupu, NaN: usipotaja range wala mipaka, NumPy hukataa kazi na kutoa kosa; ukiitaja range pamoja na idadi ya vikundi, NaN huondoka kimyakimya. Kwa wakala, kosa linalojitangaza ni bora mara kumi kuliko kimya hicho.

Ningekabidhiwa zana hii niiandikie maelezo, ningeandika hivi: "Hupokea orodha ya namba na idadi ya vikundi au orodha ya mipaka. Kila kikundi isipokuwa cha mwisho kinajumuisha mpaka wa kushoto tu. Cha mwisho kinajumuisha yote miwili. Hurudisha mipaka iliyotumika, hesabu ya kila kikundi, na idadi ya thamani zilizoachwa nje." Itifaki ina alama ya isError, inayoiwezesha zana kurudisha kosa kama matokeo ambayo modeli itayasoma. Humo ningeandika sentensi ambayo wakala anaweza kuifanyia kazi: "Orodha ina thamani 3 tupu, nafasi ya 8, 15 na 40: ziondoe, au ruhusu ziachwe na zihesabiwe."