Bakuli Lililokunywa Moto

Jahazi lilizama kwenye sahani ya saba. Mpaka hapo safari ilikuwa shwari, na nasema hivyo nikiwa mtu mgumu kusifia menyu za kuonja. Kisha ikaletwa phở, supu ya tambi ya Kivietnam. Bakuli pana la udongo mweusi, zito kama kinu. Ndani yake tambi za mchele zimesokotwa vizuri, vipande vitatu vya nyama mbichi vimekatwa vyembamba kama karatasi, na majani matatu, sikosei, matatu, yamelazwa juu kwa kibano. Mhudumu akasimama begani kwangu na buli la kioo. Akaanza kusimulia habari za bibi yake mpishi. Bibi alipokwisha kuamka alfajiri, kuwasha kuni na kulea wajukuu tisa, ndipo buli likainama.

Kumimina kwenyewe mmekuona mara mia: mkono mmoja nyuma ya mgongo, uzi mwembamba wa supu, simu za meza ya jirani zimenyanyuka. Mimi nilikuwa natafuta mvuke. Sikuuona.

Natembea na kipimajoto cha jikoni, kile cha sindano, na wanaokula nami wameshaizoea aibu hiyo. Nilisubiri dakika moja nikakitumbukiza. Nyuzi 49. Kwa joto hilo hata chai inarudishwa jikoni, sembuse phở, tena ndani ya Saigon, mji ambao kibanda cha plastiki kando ya pikipiki kinakupa bakuli linalokuunguza ulimi kwa bei isiyofika đồng elfu 100. Hapa kichwa kimoja kililipa milioni tatu. Mgahawa sitautaja. Uko katikati ya jiji, taa zake hafifu, na kosa lake si lake peke yake.

Tuanze na hesabu, maana "kila mtu na ladha yake" ndicho kichaka wanachojifichia wapishi wa aina hii. Supu iliyomiminwa haikuzidi mililita 150, kipimo cha kawaida cha menyu za kuonja. Bakuli, niliambiwa baadaye, lina gramu 700. Udongo uliochomwa unabeba joto takriban moja ya tano ya linalobebwa na maji ya uzito uleule. Kwa hiyo bakuli hilo, ili lipate moto, linadai joto sawa na gramu 150 za maji. Hiyo ndiyo supu yote! Bakuli limetoka kwenye rafu ya chumba chenye kiyoyozi, nyuzi 22. Niliomba kupima na mabaki ya buli, mhudumu akakubali kwa adabu: 74. Wakikutana hao wawili wanaishia katikati, 48, na bado hujazihesabu tambi zilizopoa wala nyama ya kwenye friji. Sindano yangu ilisoma 49 kwa sababu bakuli lilikuwa halijamaliza kunywa.

Digrii hizo zinaharibu vitu vitatu kwa mpigo. Kwanza nyama. Ile ya phở, tái, inawekwa mbichi kwa sababu supu yenyewe ndiyo jiko: inapomwagiwa, wekundu unageuka waridi mbele ya macho yako, na ukichelewa inageuka kijivu. Kwenye 49 haigeuki kitu. Ukitafuna unatafuna nyama mbichi iliyolowa. Pili mafuta. Mafuta ya ng'ombe si mafuta ya alizeti. Yakikaribia nyuzi 40 yanaanza kuganda, na kijiko cha tano tayari kilikuwa kimenipaka midomo nta. Kila aliyewahi kuiacha supu ya makongoro mezani akapokea simu ndefu anaijua nta hiyo. Tatu ni harufu. Anisi nyota, mdalasini, karafuu na ile iliki nyeusi ya milimani, thảo quả, zinapanda na mvuke. Mvuke usipopanda, mpishi amechoma viungo vyake na kuamsha vijana wake usiku kwa ajili ya sufuria iliyobaki jikoni.

Na mifupa ilikuwa imepikwa vizuri: imetokoswa, povu limeenguliwa, tangawizi na vitunguu vimebabuliwa, chumvi imetoka kwenye mchuzi safi wa samaki, nước mắm. Nilijua hivyo kwa sababu nilikunywa yale mabaki ya buli, nyuzi 74 zangu, kwa kikombe cha chai.

Tazama muuza phở anavyofanya, yeyote yule, iwe Phở Hòa pale mtaa wa Pasteur au asiye na hata jina ukutani. Tambi zinaingia kwenye kikapu cha waya, zinazamishwa kwenye maji yanayotokota kwa sekunde chache, zinakung'utwa mara mbili, zinaingia bakulini zikifuka. Tayari bakuli limeanza kupashwa na tambi. Nyama juu, kitunguu cha majani juu, kisha upawa mkubwa kutoka kwenye sufuria ambayo haijazimwa tangu usiku. Supu ni nyingi, karibu nusu lita, na wingi huo si ukarimu tu: supu nyingi haishindwi na bakuli. Kutoka upawa mpaka mdomo wako ni hatua nne. Hakuna bibi wa kusimuliwa katikati.

Hapo kwenye bibi mnisamehe, nimeligusa hili mara nyingi na nitaligusa tena. Siku hizi huwezi kufungua mgahawa wa maana bila bibi. Lakini mbona bibi anasimuliwa chakula kikiwa mezani? Hadithi ile ilichukua dakika mbili, buli likiwa mkononi, la kioo, halina hata kitambaa. Kama bibi huyo yupo kweli na aliuza phở kweli, angemnyang'anya kijana buli.

Na majani matatu. Phở ilizaliwa kaskazini, Nam Định na Hanoi, mwanzoni mwa karne iliyopita. Watu wa kaskazini walipomiminika kusini mwaka 1954 ndipo ilipoenea Saigon, na Saigon ikaiwekea sahani ya pembeni: rehani ya huku, majani ya ngò gai, machipukizi ya choroko, ndimu, pilipili. Mlaji anakata, anachana, anazamisha, analainisha kwa moto wa supu kadiri apendavyo. Ni kama ndimu na pilipili kwenye supu yetu ya asubuhi: ukishaninyima mkono wangu wa mwisho, umeninyima chakula. Kwenye menyu hizi mpya mkono huo umechukuliwa na kibano. Lakini hata wangenipa kapu zima la majani, kwenye nyuzi 49 yangeelea tu kama yaliyoanguka bwawani.

Utaniambia mchambuzi huyu ni mzee, hapendi mapya. Si kweli. Bei hainisumbui pia; Anan Saigon walipouza phở ya dola 100 watu walicheka, mimi sikucheka, na mwongozo wa migahawa wa Michelin ulipoingia Vietnam Juni 2023 ukaupa nyota mgahawa huo peke yake katika jiji lote la Saigon. Kinachonisumbua ni upya usiojua moto.

Maana upya unaojua moto upo, na ni wa zamani. Mwaka 1979, mtaa wa Lò Đúc nambari 13, Hanoi, Nguyễn Trọng Thìn alifungua duka la phở. Hiyo ilikuwa enzi ya mgawo, nchi imetoka kwenye ile phở iliyopachikwa jina không người lái, "isiyo na rubani", kwa kuwa haikuwa na nyama, kama zile ndege za Wamarekani zilizoruka bila mtu. Thìn akafanya jambo ambalo wahafidhina wa Hanoi wangeweza kumfukuzia: nyama akaikaanga kwanza kwa kitunguu saumu kwenye karai lenye moto mkali, akaitia bakulini ikiwa bado inachatuka, akaifunika kwa kitunguu cha majani tele. Ni ukiukaji wa sheria, lakini tazama umeelekea wapi. Umeongeza joto bakulini, haukupunguza. Thìn hakuwa na kipimajoto wala mshauri wa menyu.

Mpishi Charles Phan naye, mzaliwa wa Đà Lạt, alipofungua Slanted Door huko San Francisco mwaka 1995, alibadilisha karibu kila kitu: nyama ya kukaanga ya bò lúc lắc ikawa sarara ya ng'ombe wa kulishwa majani, tambi zikapata kaa wa Pwani ya Magharibi, divai ikaingia. Moto wa karai hakuugusa. Mgahawa huo mwaka 2014 ukapewa tuzo ya James Beard ya mgahawa bora Marekani, na Phan alipofariki Januari 2025 waliomwandikia walikumbuka nyama ile.

Na kama ni maonyesho mezani ndiyo yanayotafutwa, Hanoi iliyajua kabla ya menyu za kuonja kuzaliwa. Familia ya Đoàn, pale mtaa uliokuja kuitwa Chả Cá, iliwaletea wateja jiko la mkaa mezani, samaki wa manjano akichatuka kwenye kikaango, bizari ya majani ikinyauka ndani yake. Mteja anaona, ananusa, anapiga picha akitaka. Walileta moto kwenye meza. Hawa wa buli wanauacha jikoni, wanaleta kioo.

Nikirudi mezani kwangu, sahani nyingine kumi na moja zilikuwa safi, hasa ule mkunga kwenye jani la lá lốt.

Baada ya kahawa mpishi mkuu alipita mezani, kijana mpole, mikono imejaa makovu ya kazi. Nilimuuliza jambo moja tu: mabakuli yanapashwa? Hayapashwi. Hayawezi. Yamefinyangwa kwa mkono maalumu kwa ajili ya sahani hiyo, hayakuchomwa kwa moto mkali, na yakikutana na supu inayochemka yanapasuka. Wiki ya kwanza yalipasuka manne mbele ya wateja. Tangu hapo supu ikitoka kwenye sufuria inawekwa kaunta kwanza ipoe, ndipo inatiwa kwenye buli.

"Hamkufikiria kubadili bakuli?" nikamuuliza.

Akatabasamu, akaligeuza moja lililokuwa tupu, akanionyesha muhuri wa mfinyanzi chini yake.

Nikamwonyesha picha ya kipimajoto. Akaitazama kwa muda. Akasema wateja wengi wanaanza na picha hata hivyo, kwa hiyo wakija kuonja inakuwa imeshapoa kidogo.