Nguzo 18 Juu ya Turubai

Picha ya Altes Museum ya Berlin, jengo la Karl Friedrich Schinkel lililofunguliwa mwaka 1830, ikichapishwa kwenye turubai, humuumbua fundi mzembe wa kuiwamba kwenye fremu. Mbele kuna nguzo 18 zilizosimama safu moja; turubai likivutwa zaidi upande mmoja, zinainama kama migomba baada ya upepo. Kwa hiyo fundi huanzia katikati ya ubao wa fremu: avute kwa koleo, apige pini, ageukie ubao wa mkabala, ndipo asogee pembeni taratibu. Pembeni ndipo penye kazi hasa. Mkunjo ukiwa mnene, picha haikai vizuri ukutani. Turubai likikunjwa kwa pupa, wino unapasuka. Vidole hufa ganzi. Wageni husifu nguzo. Wewe igeuze picha, utazame pini.