"Kuhuisha" Mpango: Neno Moja, Kazi Tatu

Baada ya Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 kuzinduliwa mwezi Julai 2025, mipango ya muda mrefu ya mikoa haina budi kutazamwa upya. Katika shughuli za namna hii limeshika mizizi neno *kuhuisha*. Husemwa kwamba takwimu zimehuishwa, mpango umehuishwa, hata malengo yamehuishwa. Twaona yafaa neno hili lipimwe.

Kuhuisha ni kukitia uhai kitu kilichokufa au kilichofifia. Mwanakijiji akiambiwa kwamba mpango wa mkoa umehuishwa, ana haki ya kuuliza: kwani ulikuwa umekufa? Hata hivyo, hiyo ni kasoro ndogo. Kasoro kubwa ni kwamba neno hili limebebeshwa kazi tatu zisizofanana.

Tuchukue mfano wa Mkoa wa Singida. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,370,637; ya mwaka 2022 ikahesabu 2,008,058. Tena, mwaka 2012 Wilaya ya Mkalama ilimegwa kutoka Iramba, na Ikungi kutoka Wilaya ya Singida. Mpango uliotungwa kwa Iramba ya zamani lazima upewe hesabu mpya na mipaka mipya. Kazi hiyo ni *kusasisha*, yaani kuzilinganisha habari na hali ya sasa. Ahadi yenyewe haiguswi.

Kazi ya pili hugusa njia. Tuseme mpango ulitaka mashine za kukamua alizeti ziwekwe mjini, kisha ikaamuliwa ziwekwe vijijini. Hapo mpango *umerekebishwa*. Kazi ya tatu hugusa shabaha. Tuseme uliahidiwa maji kila kijiji, na sasa yaahidiwa nusu ya vijiji tu. Hapo lengo *limebadilishwa*, na kusema limehuishwa ni kumnyima msomaji habari aliyoihitaji kuliko zote.

Huenda watendaji wakadai kwamba kusasisha ni neno geni masikioni. Lakini limeundwa kutokana na *sasa* kama kurahisisha kulivyoundwa kutokana na *rahisi*, na maana yake yaonekana wazi.

Utaratibu wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 uliihamishia mikoani kazi ya kupanga, kwa hoja kwamba wananchi washiriki. Hoja hiyo ingali na nguvu, lakini hakuna awezaye kushiriki kuujadili mpango ikiwa hawezi kutambua kilichobadilika ndani yake.

Kwa hiyo twapendekeza kila mpango unaotolewa upya uanze kwa kutaja, chini ya vichwa vitatu, yaliyosasishwa, yaliyorekebishwa na yaliyobadilishwa. *Kuhuisha* kubaki na kazi yake ya asili: kwa mpango uliowekwa kabatini ukasahauliwa, kisha ukatolewa na kuanza kutekelezwa tena.