Ufundi wa Kufundisha Mkono

Mtoto akizaliwa bila kulia, mkunga ana dakika moja hivi ya kumwezesha kupumua. Amkaushe, amsugue mgongoni, asafishe njia ya hewa ikibidi, na kama bado hapumui, ampe hewa kwa kinyago na mfuko. Hapo hakuna nafasi ya kufungua daftari la semina. Alichojifunza kitaonekana mikononi mwake au hakitaonekana kabisa. Ndiyo maana, mtu akitaka kujua uzuri wa kazi ya kubuni mafunzo, mimi humwelekeza leba kabla ya kumwonyesha skrini yoyote.

Mwaka 2010, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, na washirika wake walizindua mafunzo ya Helping Babies Breathe kwa ajili ya vituo vyenye vifaa haba, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuyatumia. Yachunguze taratibu. Bango lake lina rangi tatu: kijani kwa mtoto aliye salama, njano kwa anayehitaji msaada ndani ya dakika ile, nyekundu kwa anayehitaji zaidi. Picha ndizo zinazoongoza. Maneno ni machache. Mwanasesere wa mazoezi, NeoNatalie, aliyetengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Norway, hujazwa maji akawa na uzito unaokaribia wa kichanga. Ukibonyeza kipira kimoja, kitovu kinapiga mapigo; ukibonyeza kingine, kifua kinainuka. Hana kompyuta ndani, kwa kuwa kinachofundishwa hakiihitaji.

Linalonivutia zaidi ni mpango wa kufanya kazi wawili wawili. Mmoja anakuwa mkunga, mwenzake anamwendesha mwanasesere. Anayemwendesha hapumziki: lazima aamue mtoto ataitikiaje kwa kila alichotendewa, na hawezi kuamua bila kuielewa kazi yenyewe. Hivyo wote wawili wanajifunza kwa wakati mmoja, na mkufunzi hajatoa hotuba.

Hata hivyo, mafunzo yaliyobuniwa kwa uangalifu kiasi hicho nayo yalikwama. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watoa huduma walipewa kozi ya siku moja. Miezi saba baadaye walipimwa kwa mwanasesere. Waliofaulu zoezi la kumsaidia mtoto asiyepumua walikuwa asilimia 74, ilhali kabla ya kozi walikuwa asilimia 18. Lakini watafiti walipotazama namna watoto halisi walivyohudumiwa, hali ilikuwa ileile ya zamani.

Wengi wangeishika ile asilimia 74, wakagawa vyeti na kufunga ukurasa. Waliokuwa Haydom walirudi mezani. Kuanzia mwaka 2011, mazoezi yaliletwa palepale kazini: dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na marudio marefu zaidi, ya dakika 40. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000. Maarifa yaliyofundishwa yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni ratiba, mahali na marudio, na hayo ndiyo malighafi ya mbunifu wa mafunzo.

Sababu za marudio kuleta tofauti zinajulikana. Tangu mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha jinsi tulichojifunza kinavyotutoka upesi tusipokirudia. Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwasomesha wanafunzi matini fupi. Waliorudia kusoma walikumbuka zaidi dakika tano baadaye, ila baada ya wiki moja walioshinda ni wale waliojipima kwa kukumbuka bila kutazama. Kumbe ule urahisi tunaouhisi tunaposoma tena hutudanganya. Mbunifu mzuri huupanga ugumu kwa makusudi, kwa kiasi ambacho mwanafunzi anakimudu.

Anayeandaa masomo ya mtandaoni ana kazi hiyohiyo, isipokuwa yeye hayupo kuuona uso wa mwanafunzi. Chukua karani wa benki anayepaswa kutambua fedha zenye mashaka. Kozi ya kawaida humpa slaidi nyingi za sheria, kisha maswali kumi ya kuchagua jibu. Kozi iliyobuniwa vizuri huanza na mteja dirishani: ana burungutu la noti, ana haraka, na maelezo yake hayakamiliki. Utafanya nini? Majibu yote yanashawishi, kwa sababu mbunifu alikwenda kuwasikiliza makarani wenyewe na kujua wanakosea wapi. Ukichagua vibaya, huambiwi tu kwamba umekosea, unaonyeshwa kilichofuata. Sheria huja baadaye, wakati umekwisha kuihitaji.

Kisha kuna kupunguza. Mtafiti John Sweller alieleza mwaka 1988 kwamba akili ina nafasi finyu ya kushughulikia mambo mapya kwa mara moja. Mtafiti mwingine, Richard Mayer, naye alionyesha kwamba kumsomea mtu kwa sauti maneno yaleyale anayoyaona chini ya picha kunaweza kumpunguzia uelewa. Hivyo sentensi inafutwa, muziki unaondolewa, video inapunguzwa uzito ili isimalize bando la mwanafunzi. Wataalamu wa somo hulalamika kila kitu chao kikikatwa, na mbunifu huwaelewesha kwa subira, akirudi kila mara kwenye swali lake: hiki kitambadilishia mfanyakazi tendo gani?

Heshima yangu kubwa naiweka kwa mbunifu anayeweza kusema kwamba mafunzo hayahitajiki. Kinyago kikiwa kimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amekwenda nyumbani, hakuna kozi itakayomwokoa mtoto.

Busara hiyo ya kutotegemea mafunzo peke yake imezaa matunda. Mwaka 2025, matokeo ya mpango wa Safer Births kutoka hospitali na vituo 30 vya Tanzania yalichapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine. Humo, mazoezi mafupi ya kazini yaliunganishwa na vifaa bora na matumizi ya takwimu za kituo chenyewe. Vifo vya watoto kabla ya kuzaliwa na muda mfupi baada ya kuzaliwa vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.

Kwa hiyo wanaoagiza mafunzo, ya darasani au ya mtandaoni, wasiridhike na idadi ya waliohudhuria wala furaha ya washiriki siku ya kufunga. Waombe kuonyeshwa tendo litakalobadilika, ratiba ya kulirudia, na namna litakavyotazamwa kazini miezi kadhaa baadaye. Mbunifu anayeijua kazi yake atakuwa na majibu yote matatu kabla hajatengeneza slaidi ya kwanza.