"Shahada Pacha": Istilahi Inayopotosha

Katika tafsiri za vipeperushi vya vyuo vya ng'ambo zinazofika mezani kwetu, maneno "shahada pacha", "shahada mbili" na "masomo makuu mawili" hutumiwa kana kwamba ni visawe. Dhana inayokusudiwa aghalabu ni moja, nayo imetokana na utaratibu wa vyuo vikuu vya Marekani: mwanafunzi hukamilisha masharti ya taaluma mbili, tuseme uhandisi na historia, kisha akatunukiwa shahada moja, na kumbukumbu zake za masomo zikazitaja taaluma zote mbili.

Neno "pacha" halifai hata kidogo. Pacha ni wa mimba moja na twatazamia wafanane, ilhali hapa sifa kubwa ni kwamba taaluma zenyewe hazifanani. Zaidi ya hayo, pacha huhesabiwa wawili. Msomaji hana budi kuamini kwamba vyeti navyo ni viwili.

Shahada mbili za kweli zipo. Katika Chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, upo mpango wa kusoma sanaa huria pamoja na muziki kwa kawaida ya miaka mitano, na mhitimu hupata shahada mbili mbalimbali. Kijana asiyeelezwa tofauti hiyo atajipangia miaka minne akitazamia vyeti viwili, na karani wa ajira atamdai cheti ambacho hakikupata kuwapo.

Mfano wa Mae Jemison wafaa kupimia istilahi zetu. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kwenda angani, mwaka 1992, na ni mtu aliyejifunza hata Kiswahili. Wasifu wake uliotolewa na NASA wasema kwamba mwaka 1977 alipata shahada ya sayansi katika uhandisi wa kemikali, Chuo Kikuu cha Stanford, na papo hapo akatimiza masharti ya shahada ya sanaa katika taaluma za Waafrika na Wamarekani weusi. "Kutimiza masharti" si "kutunukiwa". Mwandishi wa wasifu alichagua maneno yake kwa uangalifu. Mfasiri aandikaye "alipata shahada pacha" ameufuta uangalifu huo kwa neno moja.

Istilahi mbovu huficha pia gharama. Shahada ya kwanza huko huhitaji takribani krediti 120. Taaluma zikiwa jirani, kama hisabati na fizikia, baadhi ya kozi huhesabiwa pande zote mbili. Zikiwa mbali, kozi za pamoja ni chache mno, na nafasi ya kozi za hiari humezwa yote. Tena kozi za uhandisi hufuatana kama pingili za muwa: aliyekosa kozi tangulizi muhula huu huenda akaingoja mwaka mzima. Kwa hiyo upande wenye mfuatano mkali ndio hupangwa kwanza, na ule mwingine ukajazwa penye nafasi.

Tuseme nini basi? "Somo kuu" lina udhaifu, kwani "somo" ni taaluma, ni kipindi cha darasani, na (watu wa pwani watanikumbusha) ni kungwi pia. "Tahasusi" kwa asili yake ya Kiarabu ni ubobezi, lakini Tanzania imekwisha kulitwaa kwa michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano na sita; kulirudisha ni kuzua vurugu. Napendekeza "fani kuu mbili", na "shahada mbili sambamba" kwa mpango kama ule wa Oberlin. Wahakiki wa fasihi watalalamika kwamba fani ni mwenzake maudhui. Hoja yao naikubali nusu tu: fani kwa maana ya tawi la elimu ni matumizi ya siku nyingi, na neno "kuu" laondoa utata uliobaki. Isitoshe, istilahi hii yakubali kutungiwa sentensi: "Ana shahada moja yenye fani kuu mbili." Jaribuni kuitunga hiyo kwa "pacha".