Kuiambia Ruta Ukweli

Kuna ufundi wa mitandao uliokomazwa na laini dhaifu, nami nauheshimu kuliko mwingi uliokuja baadaye.

Chukua mtandao wa fremu rilei wa miaka ya 1990. Makao makuu yako katikati, matawi pembeni, na kila tawi lina laini ya kilobiti 64 kwa sekunde. Matawi hayafikiani ila kwa kupitia makao. Itifaki ya OSPF, inayozichagulia ruta njia, haijui hilo. Ikiachwa ijipangie, huzihesabu ruta zote kuwa kundi moja, kisha huzichagulia kiongozi. Kura ikiangukia tawi, wenzake hawalifikii, na njia zinapotea ilhali laini zote ni nzima. Fundi hodari huyapa matawi kipaumbele cha 0 yasigombee kamwe, halafu huiandikia ruta ya makao anwani ya kila jirani kwa mkono, maana laini za namna hii hazisambazi salamu kwa wote. Baada ya hapo hungoja. Salamu hupita kila sekunde 30, na jirani akinyamaza kwa sekunde 120 huhesabiwa amekufa.

Lakini umahiri wenyewe nauona kwenye namba ya kasi. Ruta nyingi za Cisco, zisipoambiwa kitu, hudhani laini ya siriali ina kilobiti 1,544, kiwango cha T1 ya Marekani. OSPF hugawanya 100,000,000 kwa kasi hiyo, ikihesabiwa kwa biti, ili kupata gharama ya njia: T1 hupata 64, laini yetu hupata 1,562. Namba isiporekebishwa, njia nyembamba huonekana pana na pakiti humiminwa huko. Kwa itifaki nyingine ya njia, EIGRP, hatari ni kubwa zaidi, kwani hujiruhusu nusu ya kasi iliyoandikwa. Nusu ya 1,544 ni 772, zaidi ya mara 12 ya uwezo wa laini, hivyo taarifa za njia zaweza kuikaba laini iliyokusudiwa kubeba kazi za watu. Mstari mmoja tu wa mipangilio, unaotaja kasi halisi ya laini, huzuia yote hayo.

Kwetu somo hili lilikuwa na uzito wake. Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya Afrika Mashariki na ng'ambo ilipanda hadi satelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu, kwenda na kurudi kukachukua zaidi ya nusu sekunde, na namba ya uongo ingeongeza ucheleweshaji juu ya huo.

Ukikuta ruta ya zamani bado inahudumia tawi la mbali, soma mipangilio yake mstari kwa mstari kabla hujaizima.