Tuseme: Neno Moja, Maana Mbili

Kwa miaka mingi sherehe za shule nchini Tanzania zimekuwa na desturi moja. Mgeni rasmi akishaketi, watoto wawili husimama na kujibizana kwa beti. Mmoja hujifanya hajui, mwenziwe humwelimisha, na mwisho wote wawili hukubaliana. Hiyo ndiyo ngonjera, utungo ulioasisiwa na marehemu Mathias Mnyampala (1917–1969) na kuenea shuleni baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mnyampala alikuwa fundi wa vina na mizani, wala halaumiwi yeye kwa yaliyofuata. Hata hivyo, mikononi mwa wengi ngonjera iligeuka kuwa sanaa ya kukariri: mwalimu hutunga, mtoto hutamka. Kinywa ni cha msichana wa miaka 12, maneno ni ya mtu mzima.

Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulikuja kuipindua desturi hiyo. Wasichana wa sekondari hukutana nje ya vipindi vya darasani, huyataja wenyewe yanayowakwaza katika masomo na maisha, huyachunguza, kisha huyatungia mchezo, ngoma, wimbo au shairi, na kuyaonyesha mbele ya walimu na wenzao ili yajadiliwe. Mwalimu huongoza njia tu; utungaji ni wa wasichana. Baadaye njia hiyo ilichukuliwa na FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika yenye makao yake Nairobi, ambayo Mlama alipata kuwa mkurugenzi mtendaji wake, ikaenea katika nchi kadhaa za bara hili.

Jina la mradi lastahiki kusomwa kama mshairi asomavyo neno. Haukuitwa “Semeni”, iliyo amri ya mkubwa kwa wadogo, wala “Wanasema”, iliyo habari ya watu wasiokuwapo. “Tuseme” humtia msemaji ndani ya jambo pamoja na wenzake. Lakini Waswahili wana matumizi mengine ya neno hilo. Mtu husema, “Tuseme mvua isinyeshe mwaka huu,” naye hajatangaza ukame. Amefungua mlango wa kukisia. Hapo ndipo kila hadithi na kila mchezo huanzia. Neno moja, basi, lina maana mbili: kusema wazi, na kuwaza lisilokuwapo. Ubora wa sanaa ya wasichana wa shule wapaswa kupimwa kwa maana zote mbili. Bahati mbaya, ya kwanza ndiyo ishangiliwayo na ya pili husahauliwa.

Mizizi ya jambo hili yaonekana katika mwaka mmoja, 1982. Mwaka huo ilichapishwa tamthilia ya Nguzo Mama ya Penina Muhando, ambaye ndiye Mlama huyo huyo. Humo wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, nayo haisimami. Mwandishi hakuwapa faraja ya uongo. Aliwaza kushindwa hadi mwisho wake, na kwa hiyo tamthilia bado inasomeka. Mwaka huo huo yeye na wahadhiri wenzake walianza kazi ya namna nyingine huko Malya, wilayani Kwimba, katika nchi ya Wasukuma. Katika mradi huo wa 1982 na 1983, wanakijiji walishirikishwa kuyajadili matatizo ya vijana, mimba za wanafunzi yakiwemo, na kuyatolea sanaa yao wenyewe. Upande mmoja palikuwa na tamthilia ya mwandishi mmoja iliyofika kitabuni, upande wa pili maonyesho ya wengi yasiyotiwa sahihi na mtu. Tuseme ni mtoto wa kazi zote mbili: umerithi ushirika wa Malya, na unahitaji pia ujasiri wa Nguzo Mama.

Haja hiyo yadhihirika zaidi mtu akifikiria msichana wa Ipililo, kata ya Wilaya ya Maswa, inayopakana na hiyo Kwimba. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, sehemu ya Mkoa wa Simiyu tangu ulipoundwa mwaka 2012. Msichana huyo haji kwenye sanaa mikono mitupu. Amekulia kati ya watu wenye wigashe, nyimbo ziimbwazo waimbaji wameketi, na wenye vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo hushindana baada ya mavuno. Katika mashindano hayo hukumu hutolewa na miguu: manju akichosha, watu humhama na kwenda kwa mpinzani wake. Hakuna kupigiwa makofi ya heshima.

Jukwaa la shule halina hukumu hiyo. Wasikilizaji wameketishwa, na makofi yamekwisha pangwa katika ratiba. Mchezo unaoandaliwa hivyo huteleza kwa urahisi kurudi kwenye ngonjera: mzazi mkali huongoka, mlaghai hukamatwa, binti hurejea darasani, na ujumbe hutamkwa mwishoni asije mtu akaukosa. Kila lisemwalo ni kweli, ila hakuna aliyewaza. Na pale utungo unapotakiwa uwe wa Kiswahili cha kitabuni, ilhali machungu yametajwa kwa Kisukuma, ukali wa neno hupotea njiani kabla ya kufika jukwaani.

Wapo watakaojibu kwamba msichana aliye hatarini hana haja ya usanii, ana haja ya kusikilizwa. Visiwani jibu la hoja hiyo lajulikana zamani. Siti binti Saad alipouimba wimbo wa Kijiti, uliohusu mwanamke aliyeuawa na muuaji aliyekimbia, hakutoa hotuba juu ya dhuluma. Alitoa wimbo, na kwa kuwa ulikuwa wimbo mzuri, dhuluma ile ingali inakumbukwa. Usanii ndio uliolipa shauri lile maisha marefu kuliko majalada ya mahakama.

Tena yanayotakiwa kusemwa si madogo. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti wa chini ya miaka 18 kuolewa vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Hadi Novemba 2021 mwanafunzi aliyepata mimba hakuruhusiwa kurejea katika shule ya serikali. Haya yaliamuliwa mbali na Ipililo. Kule kwenyewe mgogoro wa kila siku ni wa saa moja ya alasiri. Saa hiyo yadaiwa na maji, kuni, mdogo wa kubebwa na chungu cha jioni. Kaka yake akicheza mpira, hakuna amwulizaye. Mradi wowote wa sanaa baada ya masomo usioipigania saa hiyo kwa wazazi utawapata wasichana wenye nafasi, na kuwakosa wale ambao habari zao ndizo zilizotarajiwa.

Kwa hiyo sifa ya Tuseme ibaki pale inapostahili: iliuvunja mwiko wa mtoto kutamka maneno ya kuazima. Kilichobaki ni kuukamilisha uhuru huo. Msichana aruhusiwe kutunga kwa lugha aliyolilia, aruhusiwe mchezo wake usiishe vyema, na wenzake waruhusiwe kuinuka na kuondoka ukiwachosha. Akishaambiwa ukweli kwamba ubeti wake wa pili umelegea, akaketi akaukaza, atakuwa ameheshimiwa kama mtunzi.